Alihama au Alihamishwa? Lugha ya Uvumi na Mikataba katika Hoki ya Barafu ya Amerika Kaskazini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuzungumzia mabadilishano ya wachezaji katika hoki ya barafu, hususan siku za kukaribia makataa ya mabadilishano na wakati wa majadiliano ya mikataba ya wachezaji nyota. Hoja kuu ni kwamba msamiati uliozoeleka katika habari za kandanda, hasa nomino 'uhamisho', ukitumiwa katika mchezo huu bila tahadhari huficha swali la msingi: ni nani aliyeamua? Kwa kurejelea minyambuliko ya kitenzi 'hama', kauli 'inasemekana', na visa vya Wayne Gretzky (1988) na Mikko Rantanen (2025), makala yanaonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili inazo nyenzo za kumtaja mtenda, mradi mtumiaji wa lugha aamue kuzitumia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya anaposikia neno 'hoki', aghalabu kinachomjia akilini ni mpira wa magongo unaochezwa katika viwanja vya shule za upili na vyuo. Hoki ya barafu ni mchezo mwingine. Wachezaji sita wa kila upande, kipa akiwa mmoja wao, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma na kuwania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo yaliyopinda. Hata hivyo, mchezo huu si mgeni kabisa nchini. Jijini Nairobi, timu ya Ice Lions ilijifunzia mchezo huo katika uwanja mdogo wa barafu uliokuwa katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka wa 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Jina la MacKinnon litajitokeza tena hapa chini, kwa kuwa ni miongoni mwa waliompoteza mwenzao katika kisa kikuu cha makala haya.

Ligi kuu ya mchezo huu ni Ligi ya Taifa ya Hoki, maarufu kwa herufi NHL, yenye timu 32: 25 za Marekani na saba za Kanada. Kila msimu ligi hiyo huwa na siku moja ambayo ikipita, timu haziwezi tena kuimarisha vikosi vyao kwa kubadilishana wachezaji kabla ya michuano ya kuwania Kombe la Stanley. Mwaka wa 2025 siku hiyo ilikuwa Ijumaa tarehe 7 Machi, saa tisa alasiri kwa saa za mashariki mwa Amerika Kaskazini, wakati Nairobi ilikuwa saa tano usiku. Majuma kadhaa kabla ya makataa hayo, magazeti, redio na runinga hujaa habari za nani ataondoka, nani atabaki na nani amekataa kutia saini. Sehemu kubwa ya habari hizo huwa haijatokea, na nyingine haitatokea kamwe.

Huenda ikaulizwa: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mambo haya? Jibu ni kwamba wengi wa wanafunzi hao ndio watangazaji, wafasiri na wahariri wa kesho. Habari za michezo ya mbali huwafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki kupitia vinywa vyao, na neno watakalolichagua ndilo litakalomwambia msikilizaji kama mtu aliamua mwenyewe au aliamuliwa na wengine.

2.0 Utaratibu wa Biashara Yenyewe

Kabla ya kuingia katika lugha, ni vyema kueleza mambo matatu yanayoongoza biashara hii.

Jambo la kwanza ni kikomo cha mishahara. Msimu wote wa 2004–05 ulifutwa kutokana na mgogoro baina ya wamiliki wa timu na wachezaji. Ligi iliporejea, kila timu iliwekewa kiwango cha fedha isichoweza kukizidi katika kuwalipa wachezaji wake. Msimu wa 2005–06 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 39, na kufikia msimu wa 2024–25 kilikuwa dola milioni 88. Kwa hiyo timu haiwezi kumnunua kila imtakaye, hata mmiliki wake awe tajiri kiasi gani. Akiongezewa mmoja, sharti mwingine apunguziwe au aondolewe.

Jambo la pili ni mkataba. Mchezaji akishafikisha umri wa miaka 27, au akishacheza misimu saba, mkataba wake unapokwisha huwa huru kwenda atakako, na soko la wachezaji huru hufunguliwa tarehe 1 Julai. Timu iliyomlea ikishindwa kukubaliana naye kabla ya siku hiyo, hubaki mikono mitupu. Hayo ndiyo yaliyowapata New York Islanders mwaka wa 2018, nahodha wao John Tavares alipojiunga na Toronto Maple Leafs kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 77. Islanders hawakupata chochote badala yake. Tangu hapo, kila meneja mkuu mwenye nyota ambaye mkataba wake unakaribia kwisha huogopa kugeuka mfano wa pili.

Jambo la tatu, na ndilo la msingi kwa mjadala huu, ni kwamba timu ya NHL inaweza kumtoa mchezaji wake kwa timu nyingine bila kumwomba idhini. Kinachobadilishwa ni mkataba, na mchezaji huufuata mkataba wake. Badala yake timu hupokea wachezaji wengine, au haki ya kuteua chipukizi katika miaka ijayo. Kinga pekee ni kifungu cha kutohamishwa, ambacho huweza kuandikwa katika mikataba ya wale tu waliokwisha kufikia umri au misimu ya kuwafanya huru. Mwenye kifungu hicho huulizwa. Asiye nacho huarifiwa.

Hapa ndipo hoki hii inapotofautiana na kandanda. Victor Wanyama alipotoka Celtic ya Uskoti kwenda Southampton ya Uingereza mwezi Julai 2013, klabu hizo mbili zilikubaliana ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Lakini makubaliano hayo yasingekuwa na maana lau Wanyama mwenyewe angekataa masharti ya Southampton. Katika kandanda, mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila ridhaa yake. Katika hoki ya NHL, asiye na kifungu anaweza kuamka asubuhi akiwa mali ya mji mmoja na kulala usiku akiwa mali ya mji mwingine.

3.0 Kitenzi 'Hama' na Swali la Mtenda

Kiswahili kina namna yake ya kuitofautisha hali hizi mbili, na kila Mkenya anaijua hata kama hajawahi kuitafakari. Mwanasiasa huhama chama. Hakuna asemaye kwamba amehamishwa chama. Mwalimu wa shule ya umma akipokea barua ya kumtoa Kitui kwenda Wajir, majirani husema amehamishwa. Katika sentensi ya kwanza kiima ndiye mtenda: miguu ni yake na uamuzi ni wake. Katika sentensi ya pili kiima ni mtendwa. Kiambishi cha usababishi kinadokeza kuwapo kwa mwingine aliyesababisha, na kiambishi -w- kinamwacha huyo mwingine nje ya sentensi. Hata hivyo mlango wa kumwingiza uko wazi, kwa kuwa msemaji anaweza kuongeza kihusishi 'na': amehamishwa na mwajiri.

Tatizo huzuka kitenzi kinapogeuzwa nomino. 'Uhamisho' ni neno moja kwa mwalimu aliyeandikiwa barua na kwa mwanakandanda aliyejadiliana mshahara wake hadi akaridhika. Nomino hii humeza mtenda na mtendwa pamoja. Msomaji wa kichwa cha habari kinachosema 'Uhamisho wa nyota wakamilika' hana njia ya kujua ni nani aliyetaka nini.

Mashabiki wengine husema mchezaji 'ameuzwa'. Kitenzi hiki kina ukali wake, na mara nyingine kinafaa, lakini katika hoki huwa si sahihi, kwa kuwa fedha taslimu si kiini cha mapatano. Kitenzi kinachokaribia ukweli zaidi ni 'badilishana'. Tuseme: Timu mbili zilibadilishana wachezaji. Kauli ya kutendana inaonyesha pande mbili zinazotendeana jambo, nazo ni timu. Wachezaji wako mwishoni mwa sentensi, katika nafasi ya yambwa. Kisarufi hawatendi lolote, na katika hali nyingi ndivyo ilivyo mezani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na katika mapatano ya aina hii anayejadiliwa mara nyingi ndiye pekee asiyekuwepo.

3.1 Gretzky, Agosti 1988

Kisa cha Wayne Gretzky kinaonyesha jinsi tofauti hii ya kisarufi inavyoweza kuwa mgogoro wa nchi nzima. Mwezi Mei 1988 Gretzky aliiongoza Edmonton Oilers kutwaa Kombe la Stanley kwa mara ya nne katika misimu mitano. Tarehe 9 Agosti mwaka huohuo ilitangazwa kwamba amekwenda Los Angeles Kings pamoja na Marty McSorley na Mike Krushelnyski. Badala yake Edmonton ilipewa Jimmy Carson, Martin Gelinas, haki tatu za kuteua chipukizi katika raundi ya kwanza, na dola milioni 15. Hiki ni kisa kimojawapo ambapo fedha zilikuwa sehemu kubwa ya mapatano, na wanaosema 'aliuzwa' hawakosi hoja.

Maelezo yaliyotolewa siku hiyo yalisema kwamba Gretzky mwenyewe ndiye aliyeomba kuondoka. Kwa maneno mengine, alihama. Lakini watazamaji walimwona akilia mbele ya wanahabari hadi akashindwa kuendelea kuzungumza. Baadaye ilidhihirika kwamba mmiliki wa timu, Peter Pocklington, alikuwa amefanya mazungumzo kuhusu kumtoa kabla mchezaji huyo hajasema neno hadharani. Mbunge Nelson Riis aliitaka serikali ya Kanada izuie mapatano hayo. Katika ghadhabu ya umma, wengine walimlaumu mmiliki na wengine wakamlaumu mke wa Gretzky, mwigizaji Mmarekani Janet Jones, ambaye walikuwa wameoana mwezi uliotangulia. Ugomvi wote ulikuwa juu ya silabi chache: alihama, alihamishwa, au alihamishwa na nani? Kila jibu lilikuwa na mkosaji wake.

4.0 'Inasemekana': Kauli Isiyo na Msemaji

Iwapo mapatano yenyewe humficha aliyeamua, uvumi unaoyatangulia humficha aliyesema. Fasihi simulizi imelizoea jambo hili. Msimulizi wa kale alianza kwa kusema hapo zamani za kale palitokea, bila kuulizwa alimsikia nani. Mwanahabari wa siku za makataa naye hutegemea maneno yaliyotoka kwa watu wasiotajwa, na Kiswahili humpa kauli iliyo tayari: 'inasemekana'.

Inafaa kulinganisha vitenzi viwili vinavyotumiwa kana kwamba ni sawa. 'Inadaiwa' kina kiambishi cha kutendwa -w-. Kwa hiyo msikilizaji ana haki ya kisarufi ya kuuliza 'na nani?', na jibu linaweza kuunganishwa papo hapo: inadaiwa na wakala wake. 'Inasemekana' kimejengwa kwa viambishi -ek- na -an-, kama 'inajulikana' na 'inaonekana'. Kauli hii haimpokei mtenda. Hakuna Mswahili asemaye 'inasemekana na wakala wake'. Neno linaelea hewani kama harufu ya chakula: kila mtu anainusa, hakuna anayeiona jiko lilipo.

Katika majadiliano ya mikataba, hata hivyo, jiko huwapo. Uvumi kwamba timu tano zinamtaka mchezaji unamfaa wakala wake, kwa sababu unapandisha bei. Uvumi kwamba mchezaji anadai fedha kupita kiasi unaifaa timu, kwa sababu unawaandaa mashabiki kumlaumu atakapoondoka. Uvumi kwamba timu fulani imekata tamaa unamfaa meneja wa timu pinzani, na uvumi wa aina yoyote unaifaa redio yenye saa nyingi za kujaza. Methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja, hutumiwa mara nyingi kuuhalalisha uvumi. Katika soko la makataa methali hiyo ina ukweli wa namna yake. Neno linaweza kusemwa ili lije, na aliyelisema akawa mmoja wa wale wanaoweza kulileta.

Kutokana na hayo, mfasiri makini hana budi kupanga ngazi za uhakika. 'Imetangazwa' hudai kuwapo kwa taarifa rasmi. 'Imeripotiwa' hudai kuwapo kwa chombo kilichoripoti, nacho kitajwe. 'Inadaiwa' hudai kuwapo kwa mdai mwenye masilahi yake. 'Yamkini' na 'huenda' ni makadirio ya msemaji mwenyewe, na ni uungwana kukiri hivyo. 'Inasemekana' iachwe kwa yale ambayo kweli hayana chanzo, na ikibidi kutumiwa mara nyingi, mwandishi ajiulize kama ana habari yoyote.

5.0 Kisa cha Mikko Rantanen, 2025

Mikko Rantanen ni mshambuliaji kutoka Finland. Colorado Avalanche walimteua mwaka wa 2015 akiwa wa kumi katika orodha ya chipukizi, na mwaka wa 2022 alishinda Kombe la Stanley pamoja na MacKinnon. Katika misimu ya 2022–23 na 2023–24 alipata pointi 105 na 104, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa. Mkataba wake wa miaka sita, uliokuwa na thamani ya dola milioni 55.5, ulikuwa unamalizika kiangazi cha 2025.

Majadiliano ya mkataba mpya yalikwenda polepole. Mwezi Septemba 2024 Leon Draisaitl wa Edmonton alikuwa ametia saini mkataba wa wastani wa dola milioni 14 kwa mwaka, na takwimu hiyo ikawa kipimo kilichotajwa kila Rantanen alipozungumziwa. MacKinnon, aliyekuwa nyota mkuu wa Colorado, alilipwa wastani wa milioni 12.6. Kati ya namba hizo mbili uvumi ulipata uwanja mpana.

Tarehe 24 Januari 2025, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya makataa, Colorado walimtoa Rantanen kwa Carolina Hurricanes katika mapatano ya timu tatu. Colorado walimpata Martin Necas, Jack Drury na haki mbili za kuteua chipukizi. Chicago Blackhawks walimtoa Taylor Hall kwa Carolina na kukubali kubeba nusu ya mshahara wa Rantanen uliosalia, ili Carolina isivuke kikomo. Rantanen alikuwa na pointi 64 katika mechi 49 za msimu huo, lakini hakuwa na kifungu cha kutohamishwa. Alieleza hadharani kwamba habari hizo zilimshtua. Hapa kitenzi ni kimoja tu: alihamishwa.

Huko Carolina alicheza mechi 13 na kufunga mabao mawili. Makataa yalipokaribia, Carolina ikajikuta palepale Colorado ilipokuwa: nyota mkononi, mkataba unakwisha, na saini haipo. Hata hivyo mambo yalikuwa yamegeuka. Mchezaji asiyekuwa na kifungu alikuwa na kitu kingine, nacho ni tarehe. Hakuna timu ambayo ingetoa gharama kubwa kwa mtu atakayekuwa huru baada ya miezi minne, isipokuwa kama mtu huyo amekubali kubaki. Isitoshe, kwa mujibu wa makubaliano yaliyokuwapo wakati huo, timu iliyokuwa naye saa ya makataa ndiyo pekee ingeweza kumpa mkataba wa miaka minane. Nyingine zingeishia saba. Kwa hiyo kimya chake kilikuwa na uzito kuliko maneno ya wengi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulisikika tarehe 7 Machi. Carolina ilimtoa Rantanen kwa Dallas Stars, ikapokea chipukizi Logan Stankoven, haki mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya tatu. Papo hapo Rantanen akatia saini mkataba wa miaka minane wa dola milioni 96, yaani wastani wa milioni 12 kwa mwaka. Kiasi hicho kilikuwa chini ya namba ya Draisaitl iliyovumishwa kwa miezi mingi, na chini hata ya mshahara wa MacKinnon. Katika Dallas, kitenzi sahihi ni kipi? Carolina ilimhamisha, lakini yeye alikubali kuhamia. Kauli ya kutendea, yenye kiambishi -i-, inamrejeshea mchezaji nafasi ya kiima mtenda na kumpa mwelekeo: alihamia Dallas. Mtu mmoja, msimu mmoja, vitenzi viwili.

Hadithi haikuishia hapo. Katika raundi ya kwanza ya michuano ya kombe, Dallas ilikutana na Colorado. Katika mechi ya saba, iliyochezwa tarehe 3 Mei 2025, Colorado ilitangulia kwa mabao mawili kwa nunge katika kipindi cha tatu. Ndipo Rantanen akafunga mabao matatu na kutoa pasi ya bao jingine, Dallas ikashinda 4–2, na timu iliyomtoa ikafunga virago. Wasimulizi wa michezo waliona kisasi, na ni rahisi kuona kisasi palipo na hadithi nzuri. Kilicho hakika ni kwamba tarehe 30 Oktoba 2025 Colorado ilimpa Necas, aliyekuja badala ya Rantanen, mkataba wa miaka minane wenye wastani wa dola milioni 11.5. Tofauti baina ya fedha hizo na zile Rantanen alizokubali Dallas ni nusu milioni kwa mwaka.

6.0 Wenye Kifungu, Wenye Kimya na Wasio na Sauti

Kisa cha Rantanen hakisimami peke yake. Siku ileile ya 7 Machi, Boston Bruins walimtoa nahodha wao Brad Marchand, aliyekuwa ametwaa kombe nao mwaka wa 2011, kwa Florida Panthers. Pande hizo mbili zilikuwa zimeshindwa kuafikiana kuhusu mkataba mpya. Mwezi Juni Marchand alitwaa kombe akiwa na Florida, kisha akatia saini mkataba wa miaka sita. Kabla ya makataa hayohayo iliripotiwa kwamba Carolina ilimtaka Mitch Marner wa Toronto badala ya Rantanen. Marner alikuwa na kifungu cha kutohamishwa, na kwa mujibu wa ripoti hizo, alipoulizwa alikataa. Kiangazi hicho alikwenda Vegas kwa ridhaa yake na kwa mkataba mpya. Linganisha: Rantanen wa Januari aliarifiwa, Marner aliulizwa.

Upande mwingine ni Kirill Kaprizov wa Minnesota Wild. Mwezi Septemba 2025 iliripotiwa kwamba alikuwa amekataa dola milioni 128 kwa miaka minane, na kwa majuma kadhaa wachambuzi walimpangia miji ya kwenda. Tarehe 30 Septemba alitia saini palepale Minnesota kwa dola milioni 136, mkataba mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kutiwa saini katika ligi hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 6 Oktoba, Connor McDavid wa Edmonton, ambaye kuondoka kwake kulikuwa kumebashiriwa kwa muda mrefu, alikubali miaka miwili tu ya ziada kwa milioni 12.5 kwa mwaka, mshahara uleule aliokuwa nao. Wote wawili walibaki. Habari za kuhama kwao zilikuwa nyingi, na kitenzi 'hama' hakikupata mahali pa kutua.

Yupo pia wa tatu, ambaye vichwa vya habari humpitia haraka. Logan Stankoven alikuwa na umri wa miaka 22 Dallas ilipomtoa. Kwa umri huo hakuweza kuwa na kifungu cha kutohamishwa hata kama angekitaka. Katika habari nyingi alikuwa sehemu ya bei, akihesabiwa pamoja na haki za kuteua chipukizi ambao hawakuwa wameteuliwa bado. Alihama nyumba, wenzake na mji kwa taarifa ya siku moja, kama Rantanen alivyofanya mwezi Januari. Mtangazaji anayesema 'Dallas yampata Rantanen' hajasema uongo. Amesema nusu ya sentensi.

7.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na mjadala huu, mambo yafuatayo yanapendekezwa kwa watangazaji na wafasiri wa Kiswahili. Kwanza, tendo la timu mbili kupeana wachezaji liitwe 'mabadilishano', na siku ya mwisho iitwe 'makataa ya mabadilishano', ili lisichanganywe na 'dirisha la uhamisho' la kandanda. Pili, 'kuhama' na 'kuhamia' vitumiwe pale tu mchezaji alipokuwa na uwezo wa kukataa: aliyekuwa huru kama Tavares, au aliyekubali mkataba mpya kama Rantanen wa mwezi Machi. Tatu, 'kuhamishwa' kitumiwe kwa asiyeulizwa, na palipo na nafasi mtenda atajwe kwa 'na'. Nne, 'kuuzwa' kiachiwe mapatano ambayo fedha zilikuwa kiini chake. Tano, wote waliobadilishwa watajwe kwa majina, si nyota peke yake.

Huenda ikapingwa kwamba mchezaji anayelipwa mamilioni ya dola hahitaji kuhurumiwa na sarufi. Pingamizi hili lina uzito, lakini linakosea shabaha. Suala si huruma, ni ukweli. Mshahara mnono haugeuzi mtendwa kuwa mtenda. Na mtangazaji aliyezoea kumficha mwenye uamuzi anaposimulia habari za tajiri wa Dallas atamficha vilevile atakaposimulia habari za mwalimu wa Kitui.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba siku za makataa katika hoki ya barafu ni darasa zuri la sarufi na la usimulizi kwa pamoja. Uvumi humfuta msemaji, nomino humfuta mtenda, na kichwa cha habari humfuta yule mdogo aliyebadilishwa na mkubwa. Kiswahili hakilazimishi ufutaji huo. Kimewapa wasemaji wake 'hama', 'hamia', 'hamishwa' na 'badilishana', kila kimoja na ukweli wake, na kimewapa kihusishi kidogo cha 'na' cha kumrejesha mwenye uamuzi mahali pake. Kabla ya kuandika kwamba nyota fulani amekwenda mji fulani, inatosha kuuliza maswali mawili: aliulizwa? Na kama hakuulizwa, alihamishwa na nani?